Bandika, Bandua

Saa kumi na moja jioni, katika karakana moja ya Panda, hapa Likasi, fundi ananing'iniza jiwe la mizani la kilo 5 kwenye ulimi wa mpira. Mpira wenyewe ni kipande chembamba, upana wake milimita 25, urefu wake kama shibiri moja na nusu, kimekatwa kutoka kwenye kiungo alichokibandika jana. Upande mmoja tabaka mbili zimeshikana. Upande wa pili zimeachwa wazi kama midomo ya koleo. Ulimi wa juu umebanwa kwa boliti kwenye boriti. Ulimi wa chini ndio uliobeba jiwe. Pale kooni, mahali tabaka zinapokutana, fundi anachora mstari mweupe kwa chaki, anautazama kwa muda, kisha anakwenda kunawa mikono.

"Sasa inatumika yenyewe," ananiambia. "Siye tunaenda kulala."

Nimekuwa nikifika kwenye karakana hii tangu baridi ya Juni ianze. Wanaokuja hapa huja kuungiwa mikanda. Mimi nimekuja kutazama kazi inayofuata baada ya kuunga, ile ambayo haina mteja wala sifa: kazi ya kukivuta kiungo kizima mpaka kiachie, ili ijulikane kilikuwa kimeshika namna gani.

Mji huu ulizaliwa na shaba. Mpaka mwaka 1966 uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo urithi wake ulikuja kuangukia mikononi mwa Gécamines. Kiwanda cha Shituru kimekuwapo tangu 1929. Wanaoisimulia Likasi husimulia malakiti ya kijani, asidi, matangi ya umeme yanayokuza mabamba mekundu ya shaba, na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Mkanda hautajwi. Lakini jiwe halina miguu. Kutoka kwenye kinu cha kuponda mpaka kwenye rundo, kutoka kwenye rundo mpaka kwenye kinu cha kusaga, kila tani ya mawe hupanda juu ya mkanda wa mpira, ule ambao wafanyakazi wa hapa huuita bande, kwa Kifaransa. Na kila mkanda una mahali pamoja ambapo ncha zake mbili zimekutanishwa na mkono wa mtu. Pakiachia hapo, mawe yote yaliyo juu ya mteremko hurudi chini, na anayefagia chini ya mkanda hana muda wa kuuliza kumetokea nini.

Lugha yetu inaijua kazi hii vizuri. Bandika, bandua: shina moja, vitendo viwili, kimoja kinakifumua kingine. Mpishi mwenye wageni wengi tunasema yuko bandika bandua, sufuria hii inapanda jikoni na ile inashuka. Huyu fundi naye yuko hivyohivyo kwa namna yake. Anachobandika mchana hukibandua kesho yake, na kati ya vitendo hivyo viwili ndipo ulipo ujuzi wake wote.

Nianze na kubandika. Mkanda anaoushughulikia wiki hii una upana wa milimita 800 na tabaka tatu za nguo ya poliesta na nailoni, zimelazwa ndani ya mpira. Mtengenezaji ameuandikia nguvu ya nyutoni 400 kwa kila milimita ya upana. Zidisha, utapata nyutoni 320,000, karibu uzito wa tani 32 kabla haujakatika. Kazini hauruhusiwi kuvutwa hivyo. Kwa mikanda ya nguo kawaida ni kutumia sehemu moja ya nane mpaka moja ya kumi ya nguvu yake, yaani huu utavuta tani 3 na kidogo mpaka 4 hivi. Ncha zake huchongwa kwa ngazi: tabaka ya kwanza inaishia hapa, ya pili inaendelea kidogo, ya tatu inaendelea zaidi, na ncha ya pili inachongwa kinyume chake ili zikumbatiane. Ngazi hizo hukatwa mshazari, ili kiungo kisipite juu ya roli kwa mpigo mmoja, bali kiingie kwa pembe na kuupokea mzingo kidogo kidogo. Hata kikiungwa bila dosari, kiungo cha namna hii hupoteza nguvu ya tabaka moja. Mkanda wa tabaka tatu unabaki na theluthi mbili. Fundi analijua hilo na hajaribu kulificha. "Kiungo hakiwezi kushinda mwili," anasema. "Kisiuaibishe tu."

Kuna njia mbili za kufunga ngazi hizo. Ya moto ni kulaza mpira mbichi kati yake na kuupika chini ya mabamba mazito, kwenye nyuzi 145 hivi za Selsiasi, mpaka salfa iufunge, kwa siri ileile aliyoigundua Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1839. Ya baridi ni gundi: mpira wa kloroprini ulioyeyushwa, unaochanganywa na dawa ya kugumisha dakika chache kabla ya kupakwa. Fundi wetu anafanya zote mbili, lakini moyo wake uko kwenye ya baridi, kwa sababu ndiyo inayodai mkono zaidi. Joto husamehe makosa madogo. Gundi haisamehe.

Kwanza anaparuza. Jiwe la kuparuzia linazunguka polepole kuliko nilivyotarajia, na nilipouliza sababu alinionyesha kwa pua. Jiwe likienda mbio, mpira unanuka kuungua, na mpira ulioungua unaota ngozi laini inayong'aa ambayo gundi haina pa kuingilia. Anataka uso wenye manyoya kama suede ya viatu, mweusi usiorudisha mwanga. Vumbi analiondoa kwa brashi safi. Halipulizi kwa mdomo, kwa maana pumzi ina maji.

Kisha gundi, mara mbili. Pako la kwanza linaachwa likauke kabisa. La pili linangojewa kwa namna ambayo ningeweza kuitazama mchana kutwa. Kila baada ya dakika chache fundi anakunja mkono na kuugusisha mgongo wa kidole kwenye gundi, kwenye fundo la katikati, kwa wepesi wa mtu anayepima homa ya mtoto. Hatumii ncha ya kidole. Ncha ina jasho na mafuta, tena imeota sugu isiyosikia vizuri. Ngozi ya mgongo wa kidole ni nyembamba na kavu. Akiugusisha mapema, gundi inamfuata kwa uzi. Akichelewa, haimtambui. Anangoja hali iliyo katikati, ambayo ameipatia maneno yake: "Inashika, lakini haifuate." Aliyewahi kutega ndege utotoni kwa ulimbo, bulimbo kama wasemavyo huku kwetu, anaijua hali hiyo. Inadumu dakika chache tu. Ndani ya dakika hizo ngazi mbili zinalazwa, na roli ndogo ya chuma inapita kutoka katikati kwenda kingoni, ikiifukuza hewa, safari baada ya safari, hadi mabega ya kijana anayemsaidia yanatetemeka.

Pembeni, saa ileile, kwa kopo lilelile la gundi na kwa mikono ileile, kuna kiungo cha pili kinachotengenezwa kutokana na mabaki ya mkanda uleule. Hiki hakitakwenda kiwandani. Ni shahidi. Nilimwuliza kwa nini kisifanyiwe kazi na kijana, kwa kuwa kitaharibiwa tu. Akatikisa kichwa. Shahidi akipewa uangalifu mdogo kuliko mkanda, atausingizia mkanda. Akipewa mkubwa zaidi, atausifia uongo. Haki yake ni kutendewa sawasawa.

Baada ya saa 24, shahidi anakatwa vipande vya milimita 25, na hapo kubandua kunaanza.

Ulimi mmoja unafungwa ukutani, wa pili unatiwa kwenye kulabu ya mizani ya kuning'iniza. Mara ya kwanza niliponyoosha mkono kusaidia nilivuta kwa nguvu, kama mtu anayeng'oa muhogo, na sindano ya mizani ikaruka. Aliniwekea mkono begani. "Usikokote mbio, mwana. Kokota pole pole, mupira iseme yenyewe."

Nilidhani ni adabu ya kazi tu. Kumbe ni fizikia. Mpira na gundi zake ni vitu vya uvivu: ukivivuta haraka hukaza, ukivivuta polepole huchuruzika. Kiungo kilekile kikivutwa kwa pupa kitaonekana shujaa, na kikivutwa kwa utulivu kitasema umri wake. Ndiyo maana maabara za kupimia mikanda hutumia mashine inayovuta kwa kasi moja isiyobadilika. Fundi hana mashine hiyo. Ana kiwiko kilichozoea. Sindano inapanda, inashuka, inapanda tena, kwa kuwa ufa hausogei kwa mwendo laini. Unanasa, unaachia, unanasa. Hasomi kilele cha juu kabisa, ingawa ndicho kinachofurahisha. Anasoma vilele vyote na kuchukua kile cha katikati. Kanuni za kimataifa za kusoma vipimo vya namna hii nazo hukichukua kilele cha kati, na sidhani kama yeye amewahi kuzisoma.

Siku hiyo kilele cha kati kilikuwa kilo 20. Hizo ni nyutoni 196, na ukizigawa kwa milimita 25 unapata karibu nyutoni 8 kwa kila milimita ya upana. Aliandika. Lakini nambari haikumshughulisha kwa muda mrefu. Alivibeba vipande viwili vilivyoachana, akaenda mlangoni kwenye mwanga, akavilaza kiganjani uso juu, kama mtu anayefungua kitabu.

Kuna nyuso tatu, na alinifundisha kuzisoma. Uso wa kwanza unang'aa: gundi yote imebaki upande mmoja, na upande wa pili ni mpira mtupu, safi. Hapo gundi haikushika kamwe; ililala juu tu. Uso wa pili una gundi pande zote mbili, imechanika katikati yake, kama ugali uliovunjwa. Hapo gundi ilishika mpira lakini haikujishika yenyewe. Labda dawa ya kugumisha ilikuwa chache, au haikungojewa. Uso wa tatu hauna gundi inayoonekana. Ni mpira uliochanika, mkwaruzo mweusi usio na mng'ao, na mahali fulani nyuzi nyeupe za nguo zimechungulia. Hapo kiungo kimekataa kuachia, na mwili wenyewe ndio uliotoa njia.

"Yenye kung'aa njo mubaya," alisema, akigeuza kipande ili mwanga ukipige. Na akaongeza jambo lililonifanya niiheshimu kazi hii kuliko nambari zozote: kipande chenye uso unaong'aa huweza kuonyesha kilo nyingi leo. Bado anakikataa. Kilichoshika bila kuingia kitaachia siku yoyote, na hakitatoa taarifa. Kilichochana mpira kimeonyesha mpaka wake, na mpaka huo ni wa mkanda wenyewe.

Nyuma ya macho yake kuna elimu ambayo dunia iliipata kwa kuchelewa. Mwaka 1920, Alan Arnold Griffith, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya ndege ya Farnborough, aliwasilisha utafiti uliotumia vioo vilivyotiwa nyufa. Alitaka kujua kwa nini kioo hukatika kwa nguvu ndogo sana kuliko inavyopaswa. Jibu lake lilikuwa kwamba tusiulize kitu kina nguvu kiasi gani. Tuulize ufa unahitaji nishati kiasi gani ili usogee. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali haikutaja ufa wa urefu gani. Griffith alionyesha kwamba kwa kila mzigo kuna urefu ambao, ufa ukiufikia, unajilisha wenyewe na kukimbia.

Jiwe la mizani linaloning'inia kwenye boriti ya Panda linapima jambo hilohilo. Ufa ukisogea sentimita 1, jiwe hushuka sentimita 2, kwa kuwa ndimi mbili hurefuka pamoja. Kazi iliyofanywa na jiwe ndiyo bei ya ufa. Kwa kiungo kilichodai kilo 20, bei hiyo ni kama juli 15,700 kwa kila mita ya mraba. Mvutano wa molekuli zinazogusana tu, uso kwa uso, haufiki hata juli 1. Nyingine zote zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye mpira unaonyooka, unaojipinda, unaopata joto pembeni mwa ufa. Gundi nzuri ni ile inayoshika kwa muda wa kutosha ili jirani zake walazimike kubeba. Uso unaong'aa umeachia kabla majirani hawajaitwa.

Ipo sababu ya pili ya kubandua badala ya kuvuta kwa unyoofu. Kiungo kilichomo ndani ya mkanda hubeba mzigo kwa kuteleza, tabaka juu ya tabaka, na mzigo wa tani 3 hutawanyika juu ya uso mpana kiasi kwamba kila milimita ya mraba hupata chembe tu. Ukipima hivyo, karibu gundi yoyote itafaulu. Lakini Mjerumani Volkersen alikwisha kuonyesha mwaka 1938 kwamba katika kiungo cha namna hiyo mzigo haugawanyiki sawa: ncha hubeba zaidi, katikati hubeba kidogo. Na maangamizi huanzia nchani, kwa jiwe lenye makali linalonasa ukingo na kuuinua. Tangu hapo kazi si ya uso mzima tena. Ni ya mstari mmoja mwembamba. Kubandua ni kukishitaki kiungo pale kilipo dhaifu kuliko kwingine kote.

Na adui wa mwisho ni maji. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines, ikiwa angani kutoka Hilo kwenda Honolulu, ilipoteza kipande kikubwa cha paa lake la mbele. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo. Wengine 94 walifika ardhini hai. Uchunguzi ulirudi kwenye viungo vya mabati yaliyogandishwa kwa gundi ya baridi. Gundi ilikuwa imeachia, unyevu ukaingia, kutu ikafuata, ribiti zikabaki kubeba mzigo ambao haukuwa wao peke yao, na nyufa ndogo zikatafutana mpaka zikakutana. Ili kulikamata tatizo la namna hiyo mapema, watengeneza ndege wana jaribio la kabari: vipande viwili vilivyogandishwa hupachikwa kabari ukingoni, huwekwa penye joto na unyevu, na mtu huja kila baada ya saa kadhaa kupima ufa umefika wapi. Hakuna anayevuta. Muda na maji ndivyo vinavyovuta.

Nilipomweleza fundi jaribio hilo alinyamaza, kisha akanipeleka kwenye ukuta wa nyuma. Kuna misumari pale, na kwenye kila msumari kuna vipande vilivyobanduliwa, uso nje, vimeandikwa kwa kalamu ya mafuta: tarehe, kopo la gundi, na neno moja la hali ya hewa. Baridi. Vumbi. Mvua. Nilipita nikisoma. Vile vya Juni na Julai, asubuhi zetu za baridi ya kukata meno, vina madoa yanayong'aa pembezoni: umande ulikuwa umelala kwenye mpira kabla gundi haijafika. Vile vya kuanzia Novemba, mvua zikishaanza, vina madoa katikati, kwani kiyeyushi kinapopaa hupoza uso wa gundi, na hewa yenye maji huuacha unyevu wake hapohapo. Mbele kidogo madoa yanakoma. Ndipo alipoanza kuupasha mpira kwa taa kabla ya kupaka, na siku za mvua kungoja mpaka jua la adhuhuri. Hakuna aliyemwambia. Aliambiwa na misumari.

Tunapenda kumsifu fundi kwa alichokiacha kimesimama: daraja, nyumba, kiti kisichotikisika. Ukuta huu umejaa vilivyoachana, na ndio kazi bora kuliko zote nilizoziona Likasi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, tunaambiwa. Hapa kuvunjika ndiko kunakomfundisha mhunzi. Anayejua kiungo chake kitakatikia wapi, na kwa uso gani, ndiye peke yake anayeweza kusema amekiunga.

Asubuhi iliyofuata nilifika saa moja, na pumzi yangu ilikuwa inaonekana. Fundi alikwisha kufika. Jiwe la kilo 5 lilikuwa bado linaning'inia, limetulia kabisa. Alichukua rula, akaiweka kwenye mstari wa chaki, akasogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa mpira. Ufa ulikuwa umesogea milimita 2 usiku kucha.

"Imelala vizuri," alisema.

Nilidhani kazi imekwisha, kiungo kimefaulu. Alilishusha jiwe, akatia kulabu ya mizani, akaanza kuvuta, polepole, sindano ikipanda na kushuka, hadi ndimi mbili zikaachana kabisa. Akaenda mlangoni kwenye mwanga. Uso ulikuwa mweusi, usio na mng'ao, na nyuzi nyeupe tatu nne zilikuwa zimechungulia. Akaandika tarehe. Akaandika: baridi. Akakitundika kipande kwenye msumari wake.

Kisha akamwita kijana waukunje mkanda, wapate kuupakia.